Bwana Hayashida Hakukataa

Anderlecht, Brussels
Jumapili, 3 Machi 2024

Kwa mjomba wangu mpendwa, Tonton Kyungu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na Mama na wote wa nyumba yetu ya Kamalondo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imekataa kuondoka. Mwambie Mama jaketi lile alilosema ni la bure ndilo linaloniweka hai. Nimesikia pia kwamba kwaya ya akina mama imepata sare mpya na kwamba yeye amegombana na fundi juu ya mikono. Namhurumia fundi.

Barua hii nampa Carine, yule anayesuka nywele mtaa wa Matonge, karibu na metro ya Porte de Namur. Yeye ndiye posta yetu, anamjua kila mtu anayepanda ndege kwenda Lubumbashi. Simu sikutaka. Kwanza ni masikio yako, ambayo unayajua mwenyewe. Pili, simu ya nyumbani ni ya Mama, na hakuna ujumbe unaoingia humo asiousoma kwa sauti mbele ya majirani. Jambo hili Mama asilijue, tafadhali. Presha yake inatosha ilivyo.

Mkataba wangu kwenye kampuni ya mizigo ya Wajapani unaisha tarehe 30 Septemba. Kibali changu cha kuishi huku kimefungwa kwenye mkataba huo: kazi ikiisha, nacho kinaisha, na mtu anapewa miezi michache tu afungashe. Nina miaka mitatu na nusu hapa. Nikifikisha mitano bila kukatika naweza kuomba kadi ya muda mrefu, na hapo hakuna bosi atakayeshika maisha yangu mkononi. Kwa hiyo nahitaji Bwana Hayashida, mkubwa wetu, aniongezee mkataba. Hilo tu.

Nilingoja aseme, hakusema. Basi Jumatatu moja ya mwezi wa pili, kwenye kikao, watu kumi na wanne mezani, nilisimama nikauliza. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba jambo kubwa husemwa mbele ya mashahidi, ili kesho mtu asiligeuze. Nilisema kwa heshima, nikataja kazi zangu za forodha na kontena zote nilizozitoa bandarini bila faini.

Kila mtu alitazama karatasi zake. Bwana Hayashida akavuta pumzi kupitia meno, akainamisha kichwa upande, halafu akasema kwa Kifaransa chake cha taratibu kwamba jambo hili watalitazama kwa makini. Akanishukuru. Kisha tukaendelea na habari za meli.

Hakukataa. Na mtu asiyekataa amekubali, au sivyo? Lakini sina uhakika. Wewe ulifanya kazi na Wajapani zamani, kule kwenye visima. Najua ndiko Baba alikofia, na sikuombi uniambie hayo. Naomba unieleze hawa watu tu. Jibu lile ni jibu gani?

Mwipwa wako,
Keren Mbombo


Kamalondo, Lubumbashi
Jumapili, 7 Aprili 2024

Kwa mwipwa wangu Keren,

Amani iwe kwako. Barua yako imefika baada ya wiki tatu, imekunjwa ndani ya kiatu cha mtu, na inanuka hivyo. Mama yako ni mzima. Magoti yanamsumbua akienda sokoni, hayamsumbui akienda kwa fundi. Umeme tunaupata siku mbili tatu kwa wiki na tunaushukuru kama mgeni. Mimi ni mzima ukiyaacha masikio. Mchungaji akihubiri namtazama midomo, nasema amina pale ninapodhani inafaa, na mpaka sasa hakuna aliyegeuka kunitazama vibaya.

Jambo lako nimelisoma mara nne. Ulifanya kosa, mwanangu, na ni kosa letu wote wa huku, hata mimi niliyekufundisha. Sisi jambo kubwa tunalileta barazani. Kwao kikao si mahali pa kuamua. Wanaamua kabla, mmoja mmoja, kwenye korido, kwenye chai. Karatasi inatembea meza hadi meza, kila mmoja anagonga muhuri wake mdogo mwekundu, na ikifika kwenye kikao kazi imekwisha, watu wanakuja kuitikia tu. Wewe umeleta jambo bichi mezani. Mkubwa wako hawezi kusema ndiyo, hajaulizana na wenzake. Hawezi kusema hapana, maana kumwambia mgeni hapana usoni mbele ya watu kwao ni kumwaibisha mgeni na kujiaibisha mwenyewe. Basi anakupa neno laini, na anakuamini kwamba utalielewa.

Jibu alilokupa silipendi. Usiniulize zaidi.

Fanya hivi. Usimrudie mbele ya watu. Tafuta Mjapani mwingine wa ofisi asiye mkubwa, umsogelee polepole, na utazame anachofanya kuliko anachosema. Na utafute kazi nyingine kimya kimya, kuanzia kesho.

Umenitaja kuwa mjuzi wao. Nilikaa nao miezi kumi na mmoja, mwaka sikuufikisha. Walikuwa watu wazuri. Hayo mengine ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Mama yako anauliza kwa nini naandika barua ndefu hivi siku ya Bwana. Nimemwambia nakukumbusha kusali. Basi usali, nisiwe mwongo.

Tonton wako,
Kyungu


Anderlecht
Jumapili, 12 Mei 2024

Kwa Tonton Kyungu,

Salamu nyingi. Nasali, usiogope. Leo baada ya ibada tulipita soko la Flagey, nikanunua fungu moja la mchicha la bei ya kuudhi, nikamkumbuka Mama na bustani yake. Mpe pole ya magoti. Usimpe pole ya fundi, huyo atapona.

Nimefanya ulivyosema, nusu. Ofisini kuna Bi Nomura, mtu wa makaratasi, ana miaka tisa Brussels na Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu. Nilikaa naye wakati wa kula nikamuuliza waziwazi: mkataba wangu umefikia wapi? Aliziba mdomo kwa mkono akacheka kidogo, akaniambia mwaka huu mvua imezidi. Tonton, nilimwuliza habari ya maisha yangu, akanipa habari ya mvua.

Lakini sikiliza na haya mengine kabla hujanihukumu. Mwezi wa nne Bwana Hayashida alirudi kutoka kwao likizo, akaweka mezani pangu boksi la peremende za maharage, zimefungwa moja moja kama vito. Mimi tu, pamoja na wakuu wawili! Halafu ameniomba nimfundishe mwanamke mmoja wa ofisi yetu ya Antwerp kazi zote za forodha, eti kazi isitegemee mtu mmoja. Alisema hakuna anayeziweza kama mimi. Mtu anayetaka kukufukuza anakupa peremende? Anakupa mwanafunzi? Mimi naona ananiandaa kwa cheo.

Sasa kuna jambo linalonibana. Ushindi, yule ndugu wa Bukavu tunayeimba naye kanisani, anafanya kazi kwenye ghala moja huku Anderlecht, kando ya mfereji. Patron wake, mwenye ghala, anatafuta mtu anayejua karatasi za forodha, na yuko tayari kumwombea kibali. Ni kazi ya kusimama kutwa, kwenye baridi, na hakuna atakayekuita madame. Ushindi ameniambia, "Mi nitakungoja mpaka vendredi ya vingt-huit juin, dada. Après pale, patron atatafuta muntu mwengine."

Nikikubali, Bwana Hayashida atasema sina shukrani, nimemkimbia wakati ananitengenezea njia. Nikikataa na yeye akaniacha, nitakuwa nimekosa huku na huku. Nimefika mahali naogopa hata kufungua sanduku la barua pale chini.

Na wewe unasema jibu hulipendi, lakini husemi kwa nini. Nisamehe, tonton, siku hizi unafanana na Hayashida. Ulikaa nao miezi kumi na mmoja, uliona nini? Niambie wazi, barua inifikie kabla ya tarehe 28 ya mwezi wa sita. La sivyo nitamkatalia Ushindi, maana siwezi kuacha kazi nzuri kwa sababu mtu alivuta pumzi.

Keren


Kamalondo
Jumapili, 9 Juni 2024

Kwa mwipwa wangu Keren,

Mama yako anakusalimu, yuko kanisani na mazoezi ya kwaya. Nyumba iko wazi na mimi ni peke yangu, ndiyo sababu naandika saa hii.

Ningeweza kuazima simu ya shemasi nikutumie maneno mawili, chukua kazi. Ungeniuliza kwa nini, na hiyo kwa nini haiingii kwenye simu ya mtu. Nimeianza barua hii mara tatu. Kaa chini kabla hujaendelea.

Mwaka 1990, mwezi wa kumi, tulikuwa kijiji kimoja kwenye barabara ya Kasenga. Wajapani sita walikuja kutengeneza visima. Mkubwa wao alikuwa mhandisi Okabe, mtu mwembamba, Kifaransa chake cha kubahatisha. Mimi nilikuwa dereva na mkalimani wao, nikitembea kifua mbele. Mimi ndiye niliyemtafutia shemeji yangu Hénock, baba yako, kazi ya kuchimba. Wewe ulikuwa na miaka mitatu.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, na kuta za shimo zilitoa maji. Okabe alikuwa amesimamisha kazi bila kusema amesimamisha. Aliwapa watu kazi ya kupanga mabomba. Saa nne akafika commissaire wa zone, mkubwa wa serikali wa eneo lile, na mpiga picha, bila taarifa. Alitaka picha ya watu wakiwa ndani ya shimo. Akaniambia nimwulize Mjapani kama watu wanaweza kushuka.

Nikauliza, mbele ya watu wote. Okabe akavuta pumzi kupitia meno. Akainamisha kichwa. Akatazama saa yake, akasema labda tulitazame tena baadaye kidogo.

Keren, nilikuwa nimekaa naye miezi kumi na mmoja. Nilishamwona akifanya vilevile juu ya lori lililojaa kupita kiasi, na lori lile halikuondoka. Nilijua amesema nini. Lakini commissaire alikuwa ananitazama, na mimi niliona aibu kumrudishia mkubwa wa nchi jibu lisilo na kichwa wala miguu, mimi mkalimani hodari. Nikasema anasema hakuna tabu.

Baba yako hakumtazama commissaire wala Okabe. Alinitazama mimi. Akaniuliza, "Shemeji, ningie?"

Nikamwambia, "Ingia tu. Hakukatala."

Udongo ulishuka kabla mpiga picha hajamaliza kufungua mfuko wake. Okabe alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Kwenye msiba alikaa chini na wanaume, akawa anarudia kwa Kifaransa chake, nilisema, nilisema. Nilimchukia kwa neno hilo miaka mingi, nikidhani anajitetea. Lakini alisema kweli. Alikuwa amesema, na mimi nilikuwa nimesikia. Sikurudi tena kazini kwao.

Mama yako nilimwambia udongo ulimwangukia mumewe. Hajawahi kuniuliza zaidi na mimi sijawahi kuongeza.

Umenitaka niseme wazi, basi ni hivi. Mkubwa wako ameshasema. Peremende ni za kuagana. Huyo wa Antwerp anachukua kazi yako. Mwambie Ushindi ndiyo.

Barua hii anaileta Kabeya, mtoto wa shemasi, anasafiri Alhamisi hii kuja kusomea huko. Nimemwambia asiikunje.

Kyungu


Anderlecht
Jumapili, 23 Juni 2024

Kwa Tonton Kyungu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi mzima. Hakuna jipya ila mvua, sasa naongea kama Bi Nomura.

Nimengoja barua yako. Kila jioni nikitoka kazini napita kwa Carine, naye anatikisa kichwa hata kabla sijafunga mlango. Anasema wiki mbili sasa hakuna mtu aliyefika kutoka Lubumbashi, kuna tikiti zimesogezwa, kuna watu wamekwama njiani. Labda uliandika. Labda hukuandika kwa sababu huna la kuongeza, na mimi nimekulazimisha kusema kitu ambacho hakipo. Kama nilikukosea heshima kwa kukufananisha na Hayashida, unisamehe.

Juzi Ijumaa mwanamke wa Antwerp alimaliza mafunzo. Bwana Hayashida alinishukuru mara tatu na kuinama. Nilirudi nyumbani na furaha, nikafika mlangoni nikaanza kulia, sijui kwa nini.

Nimeamua. Ijumaa nitamwambia Ushindi hapana. Nachukua ukimya wako kuwa hukatai.

Keren


Anderlecht
Jumapili, 14 Julai 2024

Kwa Tonton Kyungu,

Natumaini mko wazima, na kwamba Mama anameza dawa zake.

Kabeya alifika Alhamisi tarehe 27. Ndege yake ilisogezwa mara mbili. Nilimkuta kwa Carine, amekaa kwenye kiti cha wateja, ameishika bahasha kwa mikono miwili kwa sababu ulimwambia asiikunje. Nilisoma ndani ya metro nimesimama. Nilipita kituo changu nikafika mwisho wa laini, mwanamke mmoja akaniuliza kama naumwa.

Nianze na ya kazi, hayo ndiyo mepesi kuyasema. Ijumaa nilifika ofisini mapema. Safari hii sikumwuliza Bi Nomura kitu. Nilimwambia tu kwamba mwisho wa mwezi umefika, kama ana mafaili ya kupanga ninaweza kumsaidia. Akaenda kabatini, akaleta faili la mikataba, akalifungua mbele yangu, akasema anakwenda kutafuta chai. Chai ya robo saa, tonton, na mashine iko hatua kumi.

Mikataba mitatu ya Septemba ilikuwa humo, kila mmoja na mihuri mitano myekundu. Wangu haukuwemo. Kulikuwa na karatasi moja tu yenye jina langu, ya kuhamishia kazi za forodha Antwerp. Mihuri yote ilikuwa kamili, na ilikuwa ya mwezi wa kwanza. Siku ninasimama kwenye kikao kuomba, jambo lilikuwa limekwisha wiki tano kabla.

Bi Nomura aliporudi nilikuwa nimefunga faili. Nilimshukuru kwa chai, ingawa alileta kikombe kimoja na alikinywa yeye.

Kisha nikamwomba Bwana Hayashida dakika tano, peke yake. Sikumwuliza chochote. Nilimwambia nimepata nafasi mahali pengine na ninaomba ushauri wake. Niliona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Akasema ni uamuzi mzuri sana. Akasema ataniandikia barua ya sifa mwenyewe, na aliiandika siku hiyohiyo. Nilipofika mlangoni akaniita. Alisema, "Nilidhani nilikwisha kukuambia, siku ile kikaoni. Niliona umeelewa."

Hakuwa anajitetea, tonton. Alisema kama mtu anayeshangaa. Ndipo nilipomwona Okabe wako amekaa chini msibani, na nikaamini kila ulichoandika.

Saa sita nilimpigia Ushindi nikamwambia ndiyo. Patron wake amesaini, maombi ya kibali kipya yameingia, tumeambiwa tungoje mpaka katikati ya mwezi wa nane. Yakikataliwa, sina njia nyingine. Siku zinakwenda polepole mno, na nikisikia mtu wa posta nasimama.

Sasa Baba. Siku kumi sikuweza kushika kalamu. Nimekasirika, na sitaki kukuficha, tumeona kuficha kunafanya nini. Umeniokoa kwa neno ulilolizuia miaka thelathini na minne. Ungelisema mapema ningelikuwa na miaka mingi ya kukukasirikia na labda ningekuwa nimemaliza. Umenilea, umenilipia shule, umenifundisha kusema mbele ya watu, na muda wote huo ulikuwa unajua Baba alikutazama wewe. Nakupenda na siwezi kukutazama hata kwenye picha. Vyote viwili ni kweli.

Mwambie Mama. Mimi sitamwambia, si mahali pangu. Lakini usitegemee kwamba nitakaa kimya nawe mpaka tuzeeke.

Keren


Kamalondo
Jumapili, 25 Agosti 2024

Kwa mwipwa wangu Keren,

Amani kwako, na pongezi. Mungu amesikia, kibali kimekubaliwa. Nilitamani kucheza hapa barazani lakini hali haikuruhusu, kama utakavyoona.

Barua yako niliipata mwanzoni mwa mwezi, na ile ya Juni ikafika siku mbili baadaye, ile uliyosema ukimya wangu haukatai. Hiyo nilishindwa kuimaliza kwa mara moja. Hasira yako ni haki yako, siombi uipunguze.

Nilipanga kumwambia mama yako Jumapili ya kwanza, tukawa na wageni. Ya pili magoti yalikuwa yanamuuma. Ya tatu nilikuwa na sababu nzuri ambayo sasa nimeisahau. Halafu Alhamisi ukatuma ujumbe kwenye simu yake: Mama, mwambie tonton karatasi zimekubaliwa. Hukueleza karatasi gani. Ulifanya makusudi, Keren. Umekaa na Wajapani ukajifunza kuliko mimi.

Alikuja nilipokaa, akaniwekea simu mbele ya macho. Akauliza kwa sauti kubwa ili nisikie, "Karatasi gani zilikatalwa?"

Nilimwambia yote. Nilianza na mkataba wako na jinsi tulivyomficha tangu mwezi wa tatu, na kwa kuwa hakuna njia ya kueleza nilijuaje maana ya Hayashida bila kueleza Okabe, nikafika kwenye shimo. Alikuwa anachambua majani ya lengalenga, akaendelea kuchambua. Aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli mumewe alinitazama mimi. Nikasema ndiyo. Akainuka akasonga bukari, akaniwekea sahani yangu, akakaa upande wa pili, tukala. Ijumaa alinipa chai bila neno. Jana vilevile. Leo kanisani alikaa na kwaya, na sare yake imempendeza, mikono imekaa sawa.

Niliweza kuwasoma watu waliotoka mwisho wa dunia kwa miezi kumi na mmoja. Dada yangu tumetoka tumbo moja, na sijui kama amenifukuza au amenisamehe. Naogopa kumwuliza.

Mchana huu aliniona natoa karatasi. Akasimama mbele yangu, akasema polepole, lakini nilimsoma midomo, "Mwambie Keren, barua yenye kuya, jina yangu njo ikuwe juu." Kisha akaingia ndani.

Basi mwandikie yeye. Mweleze yote uliyomficha, hata kilio cha mlangoni. Atakujibu, mama yako hajawahi kushindwa kujibu. Na kama ndani ya jibu lake kuna neno lolote linalonihusu mimi, jema au baya, niandikie kama alivyolisema, neno kwa neno.

Tonton wako,
Kyungu